Mkanda wa Jeshi na Kinga ya Wazee Wetu

Katika lugha yetu ya Kiswahili upo ugonjwa ambao jina lake askari yeyote hulielewa upesi: mkanda wa jeshi. Ni vipele vya maji vinavyotoka upande mmoja wa mwili, vikauzunguka ubavu au kiuno mfano wa mkanda wa askari, na maumivu yake huwaka kama moto. Vijana huupata kwa nadra. Wazee huupata mara nyingi zaidi, na maumivu yake hukaa nao kwa miezi hata baada ya vipele kukauka. Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba adui wake hatoki nje. Ni virusi vilevile vya tetekuwanga ambavyo mgonjwa aliambukizwa utotoni, akapona, akasahau. Virusi havikufa. Vilijificha katika mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, vikakaa kimya pengine miaka 50. Kinga ya mwili ilipochoka, vikatoka mafichoni.

Tumeanza na mkanda wa jeshi kwa sababu unafupisha habari yote tunayotaka kuwaeleza leo wapiganaji na polisi wetu. Kinga ya mwili huzeeka pamoja na mwili. Uzee huo hauna kidonge kimoja cha kuuondoa. Hata hivyo upo ulinzi mwingi ambao mgonjwa mwenyewe, jamaa zake na waganga wake wanaweza kuuweka, na katika ulinzi huo askari ana zamu yake, hata kama kambi yake iko mbali na nyumbani.

Tuchukue mfano wa Gitega. Hatuzungumzii mji wa Gitega ulioko Burundi, bali sekta ya Gitega katika wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali. Ni sekta ndogo yenye watu wengi. Nyumba zimebanana juu ya mteremko, vijia ni vyembamba, na mwenye miguu mibovu huhesabu kila kipandio. Jirani yake ni Biryogo, ambako Kiswahili kimesemwa tangu zama za ukoloni, na mbele yake ni Nyamirambo. Katika mitaa kama hii babu, bibi, mwana na wajukuu aghalabu hulala chini ya paa moja. Jambo hilo ni baraka, maana mzee hakosi wa kumpa maji. Ni hatari pia, maana kikohozi cha mmoja hakikawii kuwa kikohozi cha wote.

Na wazee wanazidi kuwa wengi. Kwa mujibu wa sensa za Rwanda, umri ambao mtu aliweza kutarajia kuishi ulikuwa miaka 51.2 mwaka 2002. Mwaka 2012 ulifika 64.5, na mwaka 2022 ukafika 69.6. Maana yake ni kwamba askari kijana wa leo ana nafasi kubwa ya kuwa na wazazi walio hai kuliko askari wa miaka 20 iliyopita, na yeye mwenyewe ana nafasi kubwa ya kufika uzeeni. Habari hii basi inamhusu mara mbili.

KURUTI WACHACHE, WAKONGWE WENGI

Mwili wa binadamu una jeshi lake, na chembe nyeupe za damu ndizo askari wa jeshi hilo. Baadhi yake hushika doria mwilini kote na kumshambulia mgeni yeyote. Nyingine ni askari wa shabaha maalumu, kila mmoja akiwa amefunzwa kumtambua adui mmoja tu. Kundi moja kubwa la askari hawa wa shabaha huitwa chembe T. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, kisha hupelekwa kwenye tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, iitwayo thaimasi, ili kupata mafunzo. Huko hufundishwa mambo mawili: kumtambua adui, na kutoushambulia mwili wenyewe. Walio wengi hawafuzu, na wasiofuzu huangamizwa hukohuko.

Kwa muda mrefu madaktari waliidhania tezi hii kuwa haina kazi ya maana. Mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller, akifanya kazi London, alionyesha kwamba panya walioondolewa thaimasi mara baada ya kuzaliwa hawakuweza kujikinga na maradhi. Tangu hapo ikajulikana kwamba tezi hiyo ndiyo chuo cha kuruti wa mwili.

Lakini chuo hiki hakidumu. Baada ya mtu kubalehe thaimasi husinyaa mwaka hata mwaka, na nafasi yake hujazwa mafuta. Mtu afikapo miaka 60 au 70, kuruti wapya wanaotoka humo ni wachache sana. Ndiyo sababu mzee hupata shida zaidi anapokutana na adui mgeni kabisa, ambaye hakuna askari wake aliyewahi kupambana naye. Mwaka 2020 ugonjwa wa KOVIDI-19 ulipoenea duniani, ulimwengu wote uliliona jambo hilo: virusi vilevile vilivyompa kijana mafua ya siku tatu vilimlaza babu yake kitandani, na pengine kaburini.

Hata hivyo tusimdharau mzee. Kuruti wake ni wachache, lakini wakongwe wake ni wengi, na wana kumbukumbu ndefu. Homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 iliingia Afrika Mashariki kwa meli, ikaenezwa na reli pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirejea makwao Vita Kuu ya Kwanza ikimalizika. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba wamewapima wazee 32 wenye umri wa miaka 91 hadi 101, ambao walikuwa watoto wakati wa homa hiyo. Damu yao ilikuwa bado na kingamwili za kupigana na virusi vile, miaka 90 baadaye. Mkongwe wa vita hakusahau sura ya adui.

Kasoro ya tatu ya jeshi la mzee ni nidhamu. Askari wake huwa hawatulii. Hupiga risasi kidogokidogo hata pasipo adui, na moto huo mdogo usiozimika huichosha mishipa ya damu, viungo na moyo. Unene wa kupita kiasi, tumbaku, kisukari kisichotibiwa na meno yaliyooza huuchochea moto huo zaidi.

Kwa hiyo tunaposema kuimarisha kinga ya mzee, hatuna maana ya kumrudishia ujana. Tuna maana ya kufanya yale ambayo kamanda mwenye busara angeyafanya akiwa na kikosi cha wakongwe: kuwapunguzia maadui, kuwalisha vizuri, kuwakumbusha mafunzo, na kuwaletea msaada mapema kabla lindo halijavunjwa.

ADUI ASIYEPIGA KELELE

Jambo la kwanza ambalo kila mwenye mzazi mzee yampasa kulijua ni hili: ugonjwa wa mzee mara nyingi haupigi kelele. Kijana akishikwa na nimonia hutetemeka, mwili huchemka, na nyumba nzima hujua. Homa hiyo huwashwa na kinga ya mwili yenyewe. Mzee ambaye kinga yake imechoka anaweza kuwa na nimonia nzito huku joto la mwili wake limepanda kidogo tu, au halikupanda kabisa. Kwa sababu hiyo watu wa nyumbani hungoja homa ambayo haiji, na siku za kumwokoa hupita.

Dalili za kuangalia ni nyingine. Mzee aliyekuwa na akili timamu jana, leo anachanganya majina ya watoto wake. Aliyekuwa akila, anakataa chakula. Aliyekuwa akitembea, anaanguka mara mbili kwa siku moja. Analala mchana kutwa, anapumua kwa haraka, au anajikojolea ghafla. Mambo haya yakitokea kwa siku moja au mbili, yasiitwe uzee. Uzee hauji kwa usiku mmoja. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, akapimwe malaria, kifua na mkojo.

Katika Rwanda kila umudugudu, hata wa mjini, una washauri wa afya ambao wakazi wenyewe wamewachagua. Askari aliye mbali na afahamu jina na nambari ya simu ya mshauri wa afya wa mtaa wa wazazi wake, kama anavyofahamu nambari ya silaha yake.

Na mkanda wa jeshi tuliouanza nao una dawa. Dawa za kupunguza nguvu za virusi hivyo, kama asikilovia, hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa katika muda wa saa 72 tangu vipele vitoke. Vikitokea karibu na jicho, hatari ni kubwa zaidi, maana mgonjwa anaweza kupofuka. Yeyote aliyepatwa na mkanda wa jeshi na ashauriwe pia kupima damu. Virusi vya UKIMWI ni sababu nyingine kubwa inayoulegeza ulinzi wa mwili hata maradhi yaliyofichwa yakatoka.

WENYE MIZIGO MIWILI

Hapa tunafika kwenye habari nzito. Wako wazee ambao kinga yao imepungua kwa umri, na juu yake wanaishi na virusi vya UKIMWI. Katika Kigali baadhi yao ni wanawake waliobakwa wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Waliokuwa wasichana wa miaka 20 wakati ule leo wamevuka 50, na waliokuwa mama wa watoto wengi leo ni vikongwe. Januari 1995 wajane walionusurika waliunda chama chao, AVEGA Agahozo, ili kusaidiana, na kutafutiana matibabu ilikuwa moja ya kazi zake. Mwaka 2005 ulianza Kigali utafiti uitwao RWISA, uliowaandikisha wanawake 936. Miongoni mwao 710 walikuwa na virusi. Watafiti waliwachagua kwa makusudi wengi waliopatwa na ukatili wa 1994, ili ijulikane jinsi matibabu yanavyowafaa watu waliojeruhiwa mwili na roho.

Utafiti wa taifa uliofanywa Rwanda mwaka 2018 hadi 2019 ulionyesha kwamba asilimia 3.0 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Kiwango hicho kilikuwa kikubwa zaidi kwa waliovuka miaka 50 kuliko kwa vijana. Wengine huyasoma maneno hayo kama habari ya kushindwa. Sisi tunayasoma pia kama habari ya ushindi, kwa kuwa zamani watu hao wasingefika umri huo. Kati ya waliojua kwamba wana virusi, zaidi ya asilimia 97 walikuwa wakimeza dawa, na kati ya hao tisa katika kila kumi virusi vyao vilikuwa vimezimwa. Tangu Julai 2016 Rwanda humpa dawa kila anayegunduliwa, bila kungoja kinga yake ishuke.

Lakini mzee hupata shida ambazo kijana hazipati. Anapoanza dawa akiwa amechelewa, chembe za kinga zake hupanda polepole, kwa sababu chuo cha kuruti kimekwisha fungwa. Ana dawa nyingine za shinikizo la damu na kisukari, na dawa nyingi pamoja huweza kugombana. Tena wengi huona haya kupima. Mzee wa miaka 65 hufikiri kwamba habari za UKIMWI ni za vijana, na hata mganga huona taabu kumuuliza. Haya hiyo huua. Kifua kikuu nacho hupenda sana mwili wa namna hii, maana vijidudu vyake, kama vile vya mkanda wa jeshi, huweza kukaa mwilini miaka mingi vikingoja lindo lilegee. Ndiyo sababu anayeishi na virusi hupimwa kifua kikuu, na mganga akiona inafaa humpa dawa ya kukizuia kabla hakijaamka.

Sheria kuu kwa wagonjwa hawa ni moja: dawa isikatwe. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao SMART, uliowahusisha watu 5,472 katika nchi 33. Waliozikatiza dawa kwa vipindi walipatwa na maradhi nyemelezi au kifo zaidi ya maradufu ya wale walioendelea. Dawa hizi ni zamu ya ulinzi, na zamu haiachwi kwa sababu usiku wa jana ulikuwa shwari.

CHANJO: KUWAKUMBUSHA WAKONGWE MAFUNZO

Chanjo ni zoezi la vita bila vita. Huwaonyesha askari wa mwili sura ya adui kabla adui mwenyewe hajafika. Mwili wa mzee hujifunza polepole, hivyo chanjo humkinga kidogo kuliko inavyomkinga kijana. Wapo wasemao kwamba basi haina faida. Hesabu yao ni mbovu. Mzee ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kufa, na kinga ya nusu kwa aliye hatarini huokoa watu wengi kuliko kinga kamili kwa asiyekuwa hatarini. Dawa ya mwili unaojifunza polepole ni kurudia somo, na ndiyo maana wazee hupewa chanjo za nyongeza.

Tulipata mfano mzuri Machi 2021. Rwanda ilianza kutoa chanjo ya KOVIDI-19 tarehe 5 mwezi huo, na wazee pamoja na wenye magonjwa ya kudumu walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Sababu ilikuwa hiyohiyo: ulinzi hupelekwa kwanza mahali ambapo ukuta ni mwembamba.

Katika nchi tajiri zipo chanjo nyingine zilizotengenezwa kwa ajili ya wazee. Ile mpya ya mkanda wa jeshi iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa wenye miaka 50 na zaidi, na hutolewa kwa dozi mbili. Zipo pia za mafua na za nimonia. Katika nchi nyingi za Afrika hizi hazimo katika mpango wa kawaida wa serikali, na bei yake ni kubwa. Mwenye uwezo na amuulize daktari. Asiye na uwezo asikate tamaa, maana upo ulinzi mwingine usiomgharimu fedha.

Ulinzi huo ni chanjo ya mjukuu. Aprili 2009 Rwanda ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya bakteria wa nimonia, na ilikuwa ya kwanza katika nchi maskini za Afrika kufanya hivyo. Bakteria hao hukaa katika pua na koo za watoto wadogo, kisha huwafikia wazee wanaowabeba. Katika nchi zilizotangulia kutumia chanjo hii, maradhi hayo yalipungua hata kwa wazee ambao hawakuchanjwa wenyewe. Kadi ya chanjo ya mtoto iliyokamilika, basi, ni ngao ya babu yake.

CHAKULA, MIGUU NA USINGIZI

Jeshi husonga kwa tumbo lake. Wazee wengi hula kidogo, na kidogo hicho huwa ni wanga mtupu: ugali, ndizi, viazi, na chai ya sukari. Kingamwili hutengenezwa kwa protini, na mzee huhitaji protini nyingi zaidi kwa uzito wake kuliko kijana. Wataalamu hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 60 ahitaji basi gramu 60 hadi 72. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa hutoa kama gramu 15, bilauri ya maziwa gramu 8, na yai moja gramu 6. Dagaa, wauzwao karibu kila soko, ni protini ya bei nafuu, na isombe iliyopikwa kwa karanga si chakula cha kudharauliwa. Aliye na ugonjwa wa figo afuate kiasi atakachopewa na daktari wake.

Mara nyingi kisa cha mzee kutokula si umaskini peke yake. Meno yameng'oka, na nyama ngumu humshinda. Basi maharagwe yapondwe, dagaa watwangwe, yai lichemshwe laini lakini liive. Mzee asiyeweza kutafuna anashindwa na njaa mbele ya sahani iliyojaa.

Kisha ni miguu. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walitangaza habari za waendesha baiskeli 125 wenye umri wa miaka 55 hadi 79, ambao walikuwa wameendesha baiskeli masafa marefu kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Thaimasi zao zilikuwa bado zikitoa chembe T mpya karibu sawa na za vijana. Nchi hii ya vilima elfu inawajua waendesha baiskeli. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika. Hatumtaki bibi wa Gitega apande baiskeli. Tunamtaka atembee kila siku kadiri awezavyo, ainuke kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, na ajiunge na jirani zake katika zile Jumapili ambazo Kigali hufunga barabara kwa magari ili watu watembee na kukimbia, desturi iliyoanza mwaka 2016.

Usingizi nao una kazi yake, na upweke una sumu yake. Mzee anayekaa peke yake halali vizuri, hali vizuri, na husahau dawa. Rwanda imejifunza jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa ina wazee waliofiwa na watoto wao wote mwaka 1994. Wazee hao huitwa Intwaza, na kwa ajili yao zilijengwa nyumba za pamoja ziitwazo Impinganzima, kama zile za Huye na Bugesera. Humo hupata chakula na tiba, na pamoja na hayo hupata mtu wa kuzungumza naye jioni.

JIHADHARINI NA WAUZA MIUJIZA

Penye mgonjwa wa muda mrefu hakukosekani muuza muujiza. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na nchi jirani walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichosemwa kutibu UKIMWI, kisukari na saratani. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Wagonjwa wengine walifia njiani, na baadhi ya walionywa waliziacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Bei ilikuwa shilingi 500 tu za Tanzania; gharama halisi ilikuwa ile zamu iliyoachwa.

Siku hizi muujiza huuzwa kwa chupa yenye maandishi ya kuongeza kinga. Hata wanasayansi wakubwa wamejaribu na kujifunza unyenyekevu. Mwaka 2014 ilitangazwa dawa ambayo, kwa dozi ndogo, iliongeza kwa takriban asilimia 20 jinsi miili ya wazee ilivyopokea chanjo ya mafua. Dunia ilifurahi. Mwaka 2019 dawa ya jamii hiyo ikajaribiwa kwa wazee wengi zaidi, ikashindwa kuwakinga na maradhi ya kifua. Ikiwa maabara zenye fedha zote hizo hazijapata kidonge cha kinga, muuza chupa wa kituo cha basi amekipata wapi?

Ipo hatari kubwa kuliko chupa hizo. Baadhi ya wazee hununua vidonge vya deksamethasoni au prednisoloni bila cheti, kwa sababu huondoa maumivu ya viungo upesi na kuleta hamu ya kula. Dawa hizi ni nzuri mkononi mwa daktari. Zikitumiwa ovyo kwa miezi, huifunga midomo kinga ya mwili, huamsha kisukari na kulainisha mifupa. Tena aliyezoea kuzimeza asiziache ghafla, maana mwili unaweza kuzirai. Aende kwa mganga azipunguze kwa utaratibu.

ZAMU YA ASKARI

Sasa tuseme na wewe, ndugu askari, ambaye utapewa likizo na kupanda basi kwenda nyumbani. Kambini mnalala wengi katika bweni moja, na kikohozi huhama kitanda hadi kitanda. Ukiwa na kikohozi kilichopita wiki mbili, kapimwe kifua kikuu kabla ya kwenda kukaa na mzazi wako. Ukiwa na mafua, mwamkie mama kutoka mlangoni, fungua madirisha, nawa mikono, na ungoja siku chache kabla ya kumkumbatia. Hatakuona mkosefu wa adabu ukimweleza sababu.

Uliza katika ofisi ya kikosi chako ni nani katika jamaa yako anayehudumiwa na bima yako ya matibabu. Kama wazazi wako hawamo, hakikisha kwamba wamelipiwa bima ya afya ya jamii, mituweli, kabla mwaka wake haujaanza, wala si siku mgonjwa yuko mlangoni. Unapotuma fedha nyumbani, uliza pia zimenunua nini: mfuko wa mchele peke yake haumpi mzee askari wapya wa damu. Na unapopiga simu, usiridhike na neno hatujambo. Wazee husema hatujambo hata wakiwa hoi. Uliza amekula nini leo, ametembea wapi, dawa zake zimebaki ngapi.

Nanyi polisi mnaopita usiku katika vijia vya Gitega na mitaa kama hiyo, mara nyingi mnakutana na mzee aliyepotea njia, anayesema maneno yasiyoeleweka. Msimdhanie mlevi kwa haraka. Huenda ana nimonia au malaria, na kinga yake imeshindwa hata kumtia homa. Kituo cha afya kinamfaa kuliko kituo cha polisi.

Mwisho, jiangalie mwenyewe. Kinga ya miaka 70 huwekwa akiba katika miaka 30. Sigara unayoiacha leo, pombe unayoipunguza, kipimo cha damu unachokubali, mchakamchaka unaouendeleza hata baada ya kustaafu, vyote ni risasi unazoziweka ghalani. Ipo siku nawe utavua magwanda, na lindo la mwili wako litabaki mikononi mwa wakongwe. Walishe, wafunze, wala usiwaache peke yao. Na kabla siku hiyo haijafika, kashike zamu kwa wale waliokulea.